Ua la Usambara Lililozidiwa na Maji

Mizizi ya mmea hupumua usiku na mchana. Huvuta oksijeni iliyomo katika nafasi ndogo kati ya chembe za udongo, na kwa oksijeni hiyo huunguza sukari iliyotengenezwa na majani ili kupata nguvu ya kukua na ya kunyonya maji na chumvichumvi za udongo. Chungu kinapomwagiliwa siku baada ya siku kabla hakijakauka, nafasi hizo hujaa maji. Lita moja ya hewa ina oksijeni karibu miligramu 270, lakini lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 30 haiwezi kubeba hata miligramu 8. Tena oksijeni husafiri ndani ya maji polepole, karibu mara 10,000 chini ya mwendo wake hewani. Kiasi kidogo kilichoyeyuka humalizwa na mizizi pamoja na vijidudu vya udongo kwa muda mfupi, na baada ya hapo mizizi huanza kufa. Kuuokoa mmea wa ndani uliomwagiliwa kupita kiasi ni kazi ya kuirudishia mizizi hewa, na kila hatua ya kazi hiyo hutokana na hitaji hilo.

Mfano unaofuatwa hapa ni wa ua la Usambara lililookolewa katika nyumba moja mjini Tanga, mwandishi alipokuwa kijana wa nyumba hiyo. Mmea huo unafundisha kuliko mingi kwa kuwa asili yake ni misitu ya mvua nyingi, na hata hivyo huuawa na maji ya chunguni kwa urahisi. Anayeelewa sababu ya jambo hilo ana sehemu kubwa ya maarifa anayohitaji kwa mimea mingine yote ya ndani.

Asili yake miambani

Wasambaa walikuwa wakipita kando ya ua hili kwenye vijito vyao tangu enzi. Ulaya ililifahamu baada ya mwaka 1892, pale Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alipompelekea baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliuandika mmea huo rasmi na kuuita Saintpaulia ionantha. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary mjini Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake, na kuanzia miaka ya 1920 wazalishaji wa Los Angeles walipanda mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakapata aina mpya zilizosambaa katika nyumba za Marekani. Kufikia mwaka 1946 wapenzi wa ua hili nchini humo walikuwa na chama chao cha kitaifa. Leo maua mengi ya aina hii yanayouzwa Dar es Salaam na Nairobi ni vizazi vya mimea iliyozalishwa ng'ambo, ingawa chimbuko lake ni milima iliyo umbali mfupi kutoka mji wa Tanga. Wataalamu wa sasa wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wakulima wa maua wanaendelea kulitumia jina la zamani.

Mahali linapoota porini panaeleza mengi kuhusu mahitaji yake. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa ya msituni hubaki na unyevu hata miezi ya kiangazi. Katikati ya unyevu huo, ua la Usambara hushikilia nyufa na vibaraza vya miamba, mara nyingi penye mteremko mkali na kivuli. Mizizi yake ni myembamba na mifupi. Imelala katika tabaka dogo la majani yaliyooza, lenye kina kisichozidi vidole vichache, na chini yake kuna jiwe tupu. Mvua inaponyesha, maji hupita juu ya mizizi hiyo na kuendelea bondeni. Mara baada ya mvua kukatika, hewa hurudi. Ndugu zake wa Kenya, wanaoota katika kilima cha Mbololo huko Taita na kwenye mawe ya chokaa ya Kaloleni, Kilifi, nao wamechagua miamba.

Kwa hiyo mmea huu umezoea maji mengi yanayopita, na haujawahi kuzoea maji yanayotuama. Mtu anayesikia kwamba ua limetoka kwenye msitu wa mvua hudhani linapenda udongo wa tope, akamwaga maji kila siku akiamini anaiga asili yake. Mwamba ndio wa kuigwa, na mwamba hauhifadhi maji.

Chungu na maji yanayobaki chini

Udongo wa chungu hautoi maji yake yote hata kama chungu kina tundu. Maji hushuka kwa uzito wake, lakini chembe za udongo huyashika na kuyavuta juu, na nguvu hizo mbili husawazishana katika tabaka la chini ambalo hubaki limelowa kabisa. Sifongo ya kuoshea vyombo huonyesha jambo hili vizuri. Ikilowekwa na kulazwa kwenye wavu, hutiririsha maji kisha huacha. Ikisimamishwa wima, maji mengine hutoka, kwa kuwa tabaka lililolowa lina kimo kilekile lakini sasa limekaa katika sehemu ndogo zaidi ya sifongo. Chungu kifupi na kipana kina tabia ya sifongo iliyolazwa. Sehemu kubwa ya udongo wake hubaki majini, na mizizi ikaaye humo hukosa mahali pa kukimbilia.

Kuna desturi ya kuweka kokoto chini ya udongo ili maji yatoke haraka. Matokeo yake huwa kinyume cha matarajio. Maji hayashuki kwa wepesi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Hukwama mpakani mpaka udongo ulio juu yake ushibe. Tabaka lililolowa huwa limesogezwa juu tu, karibu zaidi na mizizi. Kinachosaidia ni udongo wenye nafasi kubwa kuanzia juu hadi chini.

Hatari kubwa kuliko hizo ni chombo kisicho na tundu. Katika nyumba ile ya Tanga, ua lilikuwa katika chungu cha plastiki chenye matundu, lakini chungu hicho kilikuwa kimetiwa ndani ya bakuli la kauri lenye nakshi. Maji yaliyotoka kwenye matundu yalikusanyika ndani ya bakuli, na kwa kuwa hayakuonekana, hakuna aliyejua kwamba nusu ya mizizi ilikuwa inakaa majini wakati wote.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesafiri kwenda Korogwe kumuuguza dada yake, na kabla ya kuondoka aliwaomba watu wa nyumbani wayaangalie maua yake. Bibi aliyamwagilia baada ya sala ya alfajiri. Binti aliyekuwa akisaidia kazi za nyumba aliyamwagilia alipokuwa akipiga deki baraza. Mtoto wa darasa la nne aliyamwagilia akirudi shule, kwa kuwa alimpenda sana mama yake mkubwa na alitaka arudi ayakute yakiwa mazima. Hakuna aliyezembea, kila mmoja alitimiza ombi aliloombwa. Watu wa pwani husema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapo chombo kilienda mrama kwa wema. Ua lilipoanza kulegea, wote watatu waliona kiu, na wote watatu wakaongeza maji.

Kulitambua tatizo

Mmea uliozama hunyauka kama mmea wenye kiu, na kufanana huko ndiko kunakowapotosha watu wengi. Mizizi iliyokosa oksijeni hupata sehemu ndogo tu ya nishati iliyoizoea, na njia za maji katika utando wa seli zake hufunga. Maji yako pale, lakini mizizi haina tena uwezo wa kuyapeleka juu. Majani yanaendelea kupoteza maji hewani, hayapati ya kufidia, yanalegea. Kwa hiyo jani lililolegea linaeleza kwamba maji hayafiki juu, na halielezi kwa nini. Jibu la swali hilo liko chini.

Kidole kikitiwa kwenye udongo hadi kifundo cha pili hutoa sehemu ya jibu. Uzito wa chungu hutoa nyingine: chungu chenye udongo mkavu ni chepesi kwa namna inayoshangaza, na mtu akikinyanyua mara kwa mara mkono wake hujifunza tofauti hiyo haraka. Mmea wenye kiu una udongo mkavu na chungu chepesi, na ukipewa maji hunyanyua majani yake katika muda wa saa chache. Mmea uliozama una udongo uliolowa, chungu kizito, na majani yanayobaki yamelala hata baada ya usiku mzima wa baridi na kivuli.

Dalili nyingine hufuata kwa mpangilio. Majani ya chini hugeuka manjano kwanza. Vikonyo vyake hulainika karibu na shina na kuwa na rangi ya kahawia kama vimemwagiwa maji moto. Vijinzi vidogo vyeusi huanza kuruka juu ya udongo, kwa kuwa hutaga mayai penye unyevu wa kudumu. Mwisho huja harufu. Bakteria wanaoishi bila oksijeni hutoa gesi inayonuka yai viza, na harufu hiyo ikisikika kwenye tundu la chungu, sehemu ya mizizi imeshaoza.

Uozo wenyewe huletwa zaidi na viumbe vya jenasi za Pythium na Phytophthora, ambavyo hufanana na kuvu ingawa havimo katika kundi la kuvu. Spora zake zina mikia midogo na huogelea ndani ya maji ya udongo hadi kwenye mizizi iliyodhoofika. Wakulima wa viazi na nyanya wa Lushoto wanamjua jamaa yao wa karibu, Phytophthora infestans, anayeleta bakajani chelewa mashambani nyakati za ukungu na mvua. Katika chungu, viumbe hivi hudhibitiwa kwanza kwa kukausha njia vinamoogelea, na dawa huja baadaye kama inahitajika.

Hali ya hewa ya pwani huharakisha madhara haya yote. Joto huongeza kasi ya kupumua kwa mizizi na wakati huohuo hupunguza oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji. Mmea ambao katika ubaridi wa Lushoto ungevumilia udongo wa tope kwa wiki kadhaa, Tanga huweza kuangamia katika sehemu ndogo ya muda huo.

Hatua za uokoaji

Aliyeliokoa ua lile alikuwa mzee mtunza bustani, Msambaa aliyewahi kufanya kazi kwenye vitalu vya miche ya chai huko milimani. Alipoitwa, bibi alimweleza kwamba ua limekataa kunywa. Mzee alikinyanyua chungu, akakinusa chini, akasema, "Maji linayo, mama. Lilichokosa ni pumzi." Kazi aliyoifanya baada ya hapo ni ileile inayofuatwa na wakulima wa maua mahali popote, na mwandishi ameirudia mara nyingi kwa mimea ya nyumba nyingine.

Hatua ya kwanza ni kusimamisha maji na kuuhamishia mmea kivulini penye mwanga na hewa inayopita. Wengi huuanika mmea juani ili udongo ukauke haraka. Jua humaliza kazi iliyoanzwa na maji, kwa kuwa hukamua majani yasiyo na mizizi ya kuyahudumia. Kama dalili ni chache, yaani udongo umelowa lakini shingo ya mmea ni ngumu na hakuna harufu, hatua hii pekee huweza kutosha. Maji ya kisahani humwagwa, chungu hutolewa kwenye bakuli la nakshi, na bonge la udongo huweza kuzungushiwa gazeti kavu linalobadilishwa kila linapolowa.

Shingo ikiwa imelainika au harufu ikisikika, mmea lazima utolewe chunguni. Chungu hupinduliwa huku shina likiwa kati ya vidole, na bonge la udongo hutoka lenyewe likigongwa kidogo. Udongo uliolowa hupukutishwa kwa mkono, kisha mizizi husuuzwa kwa maji ya vuguvugu ili ionekane. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa na hukaza inapovutwa. Iliyokufa ni ya kahawia au nyeusi, na ikivutwa ganda lake la nje huchopoka na kuacha uzi mwembamba.

Mizizi yote iliyokufa hukatwa kwa wembe uliofutwa kwa spiriti, na wembe hufutwa tena kila baada ya mkato. Ikiwa uozo umepanda hadi kwenye shina, shina nalo hukatwa vipande vyembamba kutoka chini kwenda juu, mpaka sehemu iliyokatwa ionekane ya kijani au nyeupe kote bila doa la kahawia katikati. Doa dogo likiachwa, uozo huendelea kupanda. Hapa ndipo mikono mingi hutetemeka, kwa sababu mmea ulio dhaifu unaonekana kama unaongezewa jeraha. Katika ua lile la Tanga, mzee alikata mizizi karibu yote na sehemu kubwa ya shina. Bibi aligeuza uso. Kilichobaki kilikuwa kishina kifupi chenye majani machache, lakini kilikuwa kizima.

Baada ya kukata chini, hukatwa juu. Mmea uliopoteza mizizi hauwezi kulisha majani uliyokuwa nayo. Majani ya manjano huondolewa yote, ya nje yaliyo mazima hupunguzwa, na maua pamoja na matumba huondolewa bila kusazwa, kwa kuwa hutumia chakula ambacho mizizi mipya inakihitaji. Majani mazima yaliyoondolewa hayatupwi. Matumizi yake yanaelezwa baadaye.

Udongo wa zamani hautumiki tena. Mchanganyiko unaofaa ua la Usambara ni mwepesi na wenye nafasi: sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi, sehemu moja ya mboji iliyoiva na kuchekechwa, na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa au mkaa uliopondwa kufikia ukubwa wa punje za mahindi. Makumbi ya pwani lazima yalowekwe na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na yale yaliyowahi kufukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba husuuzwa zaidi, kwa sababu chumvi iliyomo huunguza mizizi michanga. Udongo mzito wa shambani na mchanga laini wa kujengea havifai, maana hujaza nafasi zote zinazohitajika na hewa.

Chungu kipya huwa kidogo kuliko kile cha kwanza. Kwa ua la Usambara, upana wa theluthi moja ya upana wa mmea hutosha. Chungu kikubwa hubeba udongo mwingi usiofikiwa na mizizi, na udongo huo hubaki umelowa bila wa kuutumia. Chungu cha udongo wa mfinyanzi kisichopakwa rangi ni bora kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa maji, kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu na hewa. Cha zamani kikitumika tena, huoshwa kwa sabuni na kulowekwa kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisha husuuzwa vizuri.

Mmea hupandwa shingo yake ikiwa sawa na uso wa udongo, na udongo haushindiliwi. Hupewa maji kidogo mara moja tu, ya kuulowesha mchanganyiko bila kuujaza. Kisha mmea wote hufunikwa kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha, uliotobolewa matundu machache na kuegemezwa juu ya vijiti ili usiguse majani. Ndani ya mfuko hewa huwa na unyevu kama ya msituni, majani hupoteza maji kidogo sana, na mizizi hupata muda wa kuota. Mbolea haitiwi. Chumvi zake huvuta maji kutoka kwenye mizizi michanga, na mmea usiokua hauna cha kufanya na chakula hicho.

Kinachofuata ni kungoja, na watu wengi huharibu kazi nzuri hapa kwa kuchimbua ili waone kama kuna mizizi. Kila mchimbuo huvunja nywele za mizizi zilizokwisha kuota. Dalili ya kutegemewa ni ile ya katikati ya mmea: jani dogo jipya lenye rangi iliyokolea. Kwa kawaida huonekana kati ya wiki ya tatu na ya sita. Likionekana, mfuko hufunguliwa kidogo kidogo kila siku hadi mmea uzoee hewa ya chumbani.

Majani kama akiba

Uokoaji wa mmea mzima haufanikiwi kila mara. Shina likiwa limelainika hadi juu, hakuna mkato utakaofikia sehemu nzima. Kwa bahati njema, ua la Usambara huweza kuanza upya kutoka kwenye jani moja, na mkulima mwangalifu hupanda majani siku ileile anayokata mizizi, kabla hajajua kama mmea wenyewe utapona.

Jani lililo zima na lililokomaa hukatwa na kikonyo chake, kikonyo hupunguzwa hadi sentimita tatu hivi kwa mkato wa mshazari, kisha huchomekwa kwenye mchanganyiko uleule ukiwa na unyevu kidogo. Kopo la plastiki lenye matundu chini na mfuniko unaoonyesha hutosha. Mizizi huota baada ya wiki tatu au nne. Baada ya wiki nyingine kadhaa, vichipukizi hutokeza kwenye udongo karibu na kikonyo, na vikifikia theluthi ya ukubwa wa jani mama hutenganishwa na kupandwa kimoja kimoja. Maua ya kwanza huja miezi sita hadi tisa tangu jani kupandwa.

Njia hii ina faida iliyo kubwa kuliko nyumba moja. Mmea wa Usambara ulio porini umebaki katika vipande vidogo vya msitu, na aina zake kadhaa zimo hatarini kwa sababu kivuli kikikatwa miamba hukauka. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997 kulinda sehemu ya makazi hayo. Anayetaka ua hili hana sababu ya kung'oa mmea msituni wakati jani moja la jirani linaweza kumpa mimea mitatu au minne.

Mimea mingine haifuati hatua hizi zote za uokoaji. Zamioculcas, inayoota porini kutoka Kenya hadi Afrika Kusini na sasa imejaa maofisini kwa sifa ya uvumilivu, huhifadhi maji katika viazi vyake vya chini ya udongo. Kwa sababu hiyo huchelewa kuonyesha dalili, na majani yakianza kuwa manjano viazi huwa vimeoza tayari. Viazi vilivyolainika hukatwa, vizima huachwa hewani kivulini siku chache hadi makovu yakauke, na ndipo hupandwa katika mchanganyiko mkavu. Ua la Usambara halivumilii kukaushwa hivyo. Mizizi yake myembamba hufa ikikaa wazi. Kabla ya kukata, basi, ni lazima kujua mmea husika huhifadhi maji wapi.

Kumwagilia baada ya kupona

Mmea uliopona hurudishwa kwenye maji kwa utaratibu mwingine. Ua la Usambara hunyweshwa vizuri kutoka chini: chungu huwekwa kwenye kisahani chenye maji kwa nusu saa, kisha maji yaliyobaki humwagwa. Shingo na majani hubaki makavu. Maji yawe na joto la chumba, kwa kuwa maji ya baridi yakianguka juu ya jani lenye joto huacha madoa meupe yasiyofutika. Mara mojamoja maji humiminwa juu ya udongo hadi yatoke chini, ili chumvi zilizojikusanya zioshwe.

Ratiba ya siku maalumu haifai. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na upepo mkavu, chungu kidogo huweza kuhitaji maji kila baada ya siku mbili. Masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, chungu hichohicho huweza kukaa wiki nzima. Kinachoamua ni kidole na uzito: uso wa udongo ukiwa mkavu na chungu kikiwa kimepungua uzito, maji hutolewa, vinginevyo husubiri hadi kesho.

Mama mwenye nyumba aliporudi kutoka Korogwe, aliweka kanuni ambayo ilidumu katika nyumba ile. Kila mmea ulipewa mtu mmoja, na mwingine akiuona umelegea aliruhusiwa kumwambia mwenyewe, hakuruhusiwa kuumwagilia. Bakuli la nakshi lilibaki mezani bila mmea. Ua la Usambara lilimwangukia mtoto wa darasa la nne, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote, na hamu hiyo ikafundishwa kuanza kwa kidole kabla ya kopo la maji. Upendo wake haukupunguzwa; ulipewa jicho. Mwandishi ameona baadaye kwamba kanuni hiyo inafaa mahali pengi ambapo watu wengi wanajali kitu kimoja, iwe ni mgonjwa anayeuguzwa na ndugu kadhaa au mradi wa kijiji wenye wafadhili wengi: msaada usiotanguliwa na uchunguzi huweza kuziba pumzi ya kile unachokusudia kukikuza.

Mmea huhesabiwa umepona mambo matatu yakitimia. Majani mapya ya katikati yamefikia ukubwa wa yale ya zamani. Ncha za mizizi myeupe zinaonekana kwenye tundu la chungu. Na udongo, ambao wakati wa ugonjwa ulikaa umelowa siku nyingi, sasa unakauka juu ndani ya siku chache baada ya kumwagiliwa. Dalili hii ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko nyingine, kwa kuwa huthibitisha kwamba mizizi imeanza tena kunywa. Kuanzia hapo mbolea ya maji huweza kurudishwa kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na matumba ya kwanza yakitokea huachwa yachanue.